Vyumba 9 Ujiji: nipambe kwa reli, ziwa au mninga wa Tabora?

Mwenye Nyumba: Wakuu, habari za jioni. Nina nyumba ya vyumba 9 Ujiji, naigeuza hoteli ndogo. Mchoraji kanipa njia tatu: picha za reli na meli ya Liemba, vifaa vya uvuvi, au samani za mninga na kuta ziachwe tupu. Hela inatosha njia moja. Mngechagua ipi?

Mzee wa Mwanga: Reli, kijana. Treni ilifika Kigoma 1914. Liemba nayo ilikuja vipande vipande kutoka Ujerumani ikaungwa hapahapa, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini. Mgeni akiona picha yake atauliza tu.

Dada wa Kibirizi: Shikamoo mzee. Ila picha hizo zimejaa hadi kwenye vibanda vya chipsi. Mimi nasema ziwa, lakini nyavu hapana! Nililala gesti moja, siitaji, wametundika wavu mkuukuu juu ya kitanda. Usiku kucha nanusa dagaa, vumbi linadondokea chandarua. Tafuta karabai zilizostaafu, fundi umeme azitoe matumbo aweke balbu ya njano, uzitundike barazani. Usiku wa giza, wavuvi wakitoka, ziwa linawaka kama mji. Mgeni anatazama kule, na juu ya kichwa chake kuna taa ileile.

Seremala Tabora: Mimi navutia kwangu, mnajua. Mninga ukikaushwa vizuri haupindi, na mchwa hauwezi. Milango ya mbao laini masika inavimba, mgeni anaisukuma kwa bega. Usiufunike kwa vanishi nzito ya kung'aa, utaua mistari yake. Na mwenye mzigo akuoneshe kibali cha kusafirisha, la sivyo utaishia kwenye kizuizi.

Wa Mapokezi: Mnasahau mashuka. Mgeni kala samaki mgebuka wa mawese, kapanda kitandani, foronya nyeupe kwisha habari yake. Weka za kitenge. Rangi ya ukuta? Peleka kijiko cha mawese kwa muuza rangi, mwambie ukuta mmoja tu uwe hivi.

Mwenye Nyumba: Basi milango na vitanda mninga, karabai barazani, foronya kitenge. Hela ya kuta inabaki. Seremala, kitanda cha tano kwa sita njoo inbox na bei. Mzee, picha moja ya Liemba mapokezi.

Mzee wa Mwanga: Moja? Basi iwe kubwa.