Walichomfanyia ZaSu Pitts huko Hollywood hakisameheki

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kila makala ninayoisoma kuhusu ZaSu Pitts inarudia maneno yale yale: mchekeshaji wa sauti ya kulalama na mikono isiyotulia, hodari wa kuigiza wanawake waoga na watumishi wa ajabu ajabu. Mwandishi akishasema hayo huweka nukta na kwenda zake. Mwanamke aliyezaliwa Parsons, Kansas, mwaka 1894, akaigiza tangu enzi za sinema bubu hadi karibu na kifo chake mwaka 1963, anamalizwa kwa sentensi moja, tena sentensi isiyoigusa kabisa kazi yake kubwa kuliko zote.

Kazi hiyo ni filamu bubu ya Greed ya mwongozaji Erich von Stroheim, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1924. Humo Pitts ni Trina, binti anayeshinda dola 5,000 za bahati nasibu, kisha uchu wa fedha ukamtawala kiasi cha kumnyima mumewe hata nauli. Mtazameni anapozimwaga sarafu zake za dhahabu kitandani na kulala nazo, huku akizipapasa kama mama anayempapasa mtoto mchanga. Vidole vile vile ambavyo baadaye watu walilipa viingilio ili wavicheke, hapo vinatisha. Von Stroheim aliliona hilo mapema na kumpa tena nafasi katika The Wedding March ya mwaka 1928, safari hii kama binti tajiri, mlemavu wa mguu, anayeozwa kwa mwanamfalme asiyempenda.

Hata hiyo Greed hatukuachiwa nzima. Studio ya Metro-Goldwyn-Mayer ilimnyang'anya von Stroheim kazi yake, na filamu ambayo mwanzoni ilizidi saa 8 ikabaki na takriban saa 2 na dakika 20. Vipande vilivyokatwa havijapatikana mpaka leo, na ndani yake imo sehemu ya uigizaji wa Pitts.

Jambo linalonichoma zaidi, hata hivyo, ni la mwaka 1930. Pitts alikuwa amepewa nafasi ya mama wa askari kijana wa Kijerumani katika All Quiet on the Western Front, filamu ya vita ya Lewis Milestone. Katika onyesho la majaribio, watazamaji waliomzoea kwenye vichekesho waliangua kicheko mara walipomwona, ilhali tukio lenyewe ni la mama mgonjwa anayempokea mwanawe aliyetoka vitani. Wenye studio ya filamu hiyo hawakumpigania. Walimwondoa, wakapiga upya matukio yake wakimtumia mwigizaji Beryl Mercer, na mlango wa tanzia ukawa kama umefungwa. Siwalaumu sana watazamaji wale, maana walifundishwa kucheka na watu wale wale waliokuwa wakimpa nafasi za kuchekesha tu, kisha kicheko hicho kikageuzwa ushahidi dhidi yake.

Baada ya hapo zikaja filamu fupi alizoigiza na mchekeshaji mwenzake Thelma Todd kwa mtayarishaji wa vichekesho Hal Roach kati ya 1931 na 1933, na nyingine nyingi za aina hiyo. Sisemi kuchekesha ni kazi duni, kwani katika Ruggles of Red Gap ya mwaka 1935 anapendeza kweli kweli. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba huo ndio uliokuwa mwisho wa uwezo wake, wakati ushahidi upo na unaweza kutazamwa na yeyote.

Wanaoandika wasifu wake waanze na Trina, na waeleze bila kuficha namna alivyoondolewa mwaka 1930. Na mwanajukwaa anayeamini kwamba Pitts hakuwa na lolote zaidi ya kupepesa mikono aitazame kwanza Greed mpaka pale Trina anapouawa, ndipo aje hapa na hoja yake.