MJADALA: Banda la brashi livunjwe hivi hivi, au lipimwe kwanza?

Mleta mada: Ndugu zangu, huku Muheza kuna shamba la mkonge lililokatwa viwanja, na banda lake la zamani la brashi, yaani la kusugulia singa (nyuzi za mkonge), linavunjwa mwezi ujao. Kwenye mkutano wa kijiji niliomba lipimwe na kupigwa picha kabla tingatinga halijaingia. Nikajibiwa: "Hilo banda la popo, watu wanataka nyumba."

Sipingi viwanja, mdogo wangu mwenyewe kachukua kimoja. Naomba siku tatu tu: mtu wa kuchora ramani ya jengo, mtu wa kamera, na wazee wawili waliofanya kazi humo waseme kitu gani kilikaa wapi.

Mkonge uliingia nchini mwaka 1893. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika mizima 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Humo ndimo yalimotoka mashamba yote haya, na makorona (mashine za kuchakata majani ya mkonge), na manamba waliotolewa mbali kuja kukata majani.

Ingieni bandani muone. Sakafuni kuna boliti zenye kutu, nne nne, na kila kundi ni pahali ilipofungwa mashine ya kusugulia singa. Mbele ya kila mashine saruji imelika vishimo viwili, upana wa nyayo. Mtu alisimama pale pale miaka na miaka. Ukutani kuna mistari ya msumari: minne imesimama, wa tano umeikata. Mimi nadhani ni hesabu ya mizigo, ila nataka mwenye ujuzi aitazame kabla haijawa kifusi.

Sheria haitusaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalilinda moja kwa moja jengo la kabla ya 1863, na mkonge umekuja miaka 30 baadaye. Waziri anaweza kulitangaza jengo la karibuni zaidi, lakini nani atampelekea jina la banda? Mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940 umetajwa kwenye sheria hiyo hiyo. Pahali watu walipomeza vumbi la singa hapakutajwa, na hilo linaniuma.

Mchangiaji: Kaka, nakuheshimu, lakini hapa sikubaliani nawe. Babu yangu aliletwa hapo kama namba kutoka Songea. Mshahara haukutoka mpaka kipande (kadi ya kazi) kijae siku 30 za kazi, na siku ya kuugua haikuhesabiwa. Wewe unataka tutunze fimbo aliyochapwa nayo? Hizo hela za wapimaji zichimbe kisima, wanawake wapumzike na ndoo.

Mleta mada: Dada, pole kwa ya babu. Kwanza, hela zisitoke kijijini. Uingereza mtu akitaka kugeuza banda la kale la shambani liwe makazi, mamlaka ya mipango inaweza kumpa sharti: rekodi kwanza, kwa gharama yako, ndipo uguse ukuta. Anayeuza viwanja hapa siku tatu hazimfilisi, na kisima kinabaki pale pale kwenye madai yetu.

Ama fimbo, sitaki itunzwe. Nataka iandikwe. Daftari za shamba zilihesabu tani za singa, na babu yako humo ni namba. Vile vishimo vya nyayo ni vyake yeye, au vya mwenzake. Tukivivunja bila kuvipima, kitakachosalia kuhusu shamba lile ni maneno ya mwenye shamba peke yake.

Mchangiaji: Baba yangu yu hai. Alipokuwa mtoto alikuwa akimpelekea babu chakula pale mlangoni. Jumamosi nitamleta atuonyeshe mashine ya babu ilikuwa ipi, na nyie muwe na futi na kalamu tayari. Lakini nikisikia mtu anasema banda libaki lifanywe hoteli ya watalii, mimi ndiye wa kwanza kuliitia tingatinga.