Shemeji ameahidiwa pasi ya lifti ya maisha akiwekeza dola 800,000. Nani anaijua kesi ya Jay Peak?

MamaNeema_Winooski
Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri wa haraka, pesa inataka kutoka.

Naishi Winooski, Vermont. Wanangu wamejifunza kuteleza kwenye theluji kupitia shule, na kila mwaka nawanunulia pasi ya msimu ya lifti zinazopandisha watelezaji mlimani, kabla bei haijapanda. Kadi inakaa mfuko wa kushoto wa koti; wakifika getini inasomwa humo humo, wanapita. Wanapata na siku kadhaa kwenye milima mingine, punguzo la chakula, tiketi ya mgeni. Hayo nayaelewa.

Sasa shemeji yangu ana duka la vipuri Dubai. Dalali kamletea makaratasi ya hoteli itakayojengwa kwenye mlima wa ski, yaani wa kuteleza kwenye theluji, huku Marekani. Atoe dola 800,000, familia ipate kadi ya kijani ya kuishi Marekani, na juu yake pasi ya lifti ya maisha na wiki mbili za hoteli bure kila mwaka. Nimetumiwa picha WhatsApp: pasi ya rangi ya dhahabu, jina la shemeji limeshachapwa. Hiyo kadi ndiyo imemteka. Dada yangu anasema viwanja vyao viwili vya Kigamboni vimeshapata mteja. Kazini nasikia Jay Peak, mlima wa ski huku huku Vermont, kuliwahi kuwa na kesi ya hivi. Ilikuwaje?

Mpishi_Kaskazini
Dada, pole. Miaka ile nilikuwa napika Newport, mji ulio jirani na mlima huo, karibu na mpaka wa Kanada.

Aprili 2016 SEC, tume inayosimamia masoko ya mitaji, iliwashtaki mmiliki Ariel Quiros na rais wa mlima Bill Stenger. Walikuwa wamekusanya zaidi ya dola milioni 350 kwa watu wa nchi zisizopungua 74, kila mmoja 500,000, kupitia EB-5, mpango wa Marekani wa kuwapa wawekezaji wa kigeni kadi ya kijani. SEC ilisema zaidi ya milioni 200 zilitumika visivyo: pesa za mradi mpya zinaziba pengo la mradi wa zamani, upatu mtupu. Quiros alikiri makosa 2020, na 2022 akahukumiwa miaka 5. Stenger miezi 18.

Msidhani hakukuwa na majengo. Hoteli ya Tram Haus ilisimama na wageni walilala. Ila 2014 wawekezaji wake waliambiwa umiliki wao umegeuzwa deni, wameachiwa karatasi ya ahadi ya kulipwa. Huku Newport walibomoa majengo ya Main Street 2015 ili wajenge mapya. Nilikuwa napita pale nikienda kazini: uzio wa nyaya, maji yametuama, magugu. Shimo lile lilikaa miaka na miaka katikati ya mji, na bado linaniuma.

Wenye pasi za lifti walikuwa salama zaidi. Kesi haikuufunga mlima. Msimamizi wa mahakama aliuendesha hadi 2022, ukauzwa dola milioni 76 kwa Pacific Group Resorts.

BintiTanga
Nafanya kazi kwa wakili wa uhamiaji. Dada, hiyo kadi ya dhahabu ndiyo inayonitisha kuliko yote.

Kiwango cha 800,000 ni halali tangu sheria ya 2022, kwa maeneo ya vijijini au yenye ukosefu mkubwa wa ajira. Lakini pesa yote lazima iwe kwenye hatari ya kupotea. Mwekezaji akihakikishiwa haki ya kutumia mali kwa sababu ya mtaji wake, thamani ya haki hiyo inakatwa kwenye mtaji. Wiki mbili za hoteli kila mwaka zikiandikwa kwenye mkataba, shemeji anaweza kujikuta chini ya 800,000, na ombi likakataliwa.

Amwombe dalali stakabadhi ya I-956F, fomu ambayo mradi wenyewe huwasilisha kwa idara ya uhamiaji ya Marekani. Haijawasilishwa, basi shemeji hawezi hata kufungua ombi lake. Kisha aulize pesa zinakaa akaunti gani, na nani aliye nje ya kampuni anayeidhinisha zitoke.

MamaNeema_Winooski
Mungu awabariki. Nimempigia dada usiku huu, kwao kumeshapambazuka. Mteja wa viwanja alikuwa aje saa nne, wamemwomba asubiri. Shemeji amemwandikia dalali kuhusu I-956F. Dalali amesoma ujumbe, jibu lake ni picha ya ile kadi tena.