Minnesota, Ohio au Tennessee: wapi mtoto anafika chuo bila madeni?

Mama_Pacha: Hamjambo wenzangu. Nina pacha wanamaliza darasa la 10 hapa Minnesota, wa kike anataka unesi, wa kiume akiona boneti ya gari imefunguliwa habanduki hapo. Kaka yangu anatuita Ohio, mume naye kapata kazi ya lori Tennessee. Nyumba ni nyumba tu, mi nachouliza ni jimbo gani linamwingiza mtoto chuo akiwa bado haiskuli, au linamlipia akimaliza, maana mkopo wangu mwenyewe wa chuo bado nalipa mpaka leo. Linganisheni jamani ila msinibandikie ya kwenye vipeperushi.

nesi_zamu_usiku: Weee usihame kwa pupa. PSEO, ule mpango wa jimbo wa mtoto wa haiskuli kusoma chuo, unayo mlangoni, ipo tangu 1985, mtoto wa darasa la 11 na 12 akitaka anasoma chuo siku nzima, ada na vitabu bure, krediti, yaani vipimo vya masomo aliyofaulu, zinahesabiwa haiskuli na chuo. Binti yangu alivaa joho la haiskuli ana krediti 41. Ila kuna kitu kaunsela hakutuambia, kemia ilimshinda akapata D, na miaka 16 hiyo, na ile D imekaa kwenye rekodi ya chuo haifutiki, alipoomba unesi wakamuuliza. Halafu wahi, shule inatakiwa iarifiwe kabla ya Mei 30.

Mama_Pacha: Mei 30 hii hii?? Mbona sijaona hata karatasi

nesi_zamu_usiku: Hii hii. Kesho asubuhi piga simu, achana na imeili.

Mjomba_Columbus: Huku Ohio inaitwa College Credit Plus, ilianza 2015, na sisi hatungoji darasa la 11, tangu la 7 mtoto akifaulu vigezo vya chuo anaingia. Chuo cha serikali hulipi ada wala kitabu. Sasa ubaya wake, akifeli shule inaweza kukudai zile hela. Mpwa wangu alichukua hesabu mbili kwa mpigo kisa rafiki zake wamechukua, akaanguka zote, barua ikaja mwezi wa saba. Familia ya kipato cha chini haidaiwi, ila lazima shule iwe imeshakuandika hivyo, kwa hiyo zile fomu za kuombea chakula cha mchana shuleni, zinazoonyesha kipato, msizitupe.

Baba_Nashville: Tennessee sio mchezo huo kabisa. Tennessee Promise inamsubiri amalize haiskuli, ndo inalipa ada iliyobaki baada ya misaada mingine, chuo cha miaka miwili au TCAT, vyuo vya ufundi vya jimbo. Hela ni za bahati nasibu ya jimbo, walokole mtanisamehe. Aombe kabla ya Novemba 1 akiwa darasa la 12, ajaze FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa ada, na kila muhula ajitolee masaa 8. Wangu alipanga makopo ya maharage ghala la chakula wiki mbili za Jumamosi, saa hizi anasoma ufundi wa dizeli TCAT, anarudi nyumbani na mikono myeusi kama ya babu yake. Huyo wa boneti mlete huku. Suala la ukaazi wa jimbo ulizia kabla hujafunga mizigo.

Wa_Bukavu: Bandugu mumesahau makaratasi. Sie tuliopewa hadhi ya ukimbizi FAFSA tunajaza, lakini jirani yangu kesi yake ya hifadhi ingali inangoja, FAFSA hapati, na bila FAFSA hiyo Promise ya Tennessee ni hadithi kwake.

nesi_zamu_usiku: Umenena. Minnesota wana sheria yao ya Dream Act, mtoto asiye na makaratasi akisoma haiskuli hapa miaka mitatu na kumaliza anajaza fomu ya jimbo badala ya FAFSA. Na tangu 2024 kuna North Star Promise, kipato cha familia kikiwa chini ya dola 80,000 kwa mwaka ada ya chuo cha serikali inalipwa. Kwa hiyo hiyo ya Tennessee hata sisi tunayo Baba_Nashville 😂

Baba_Nashville: Baridi pia mnayo.

Mama_Pacha: Nimecheka peke yangu kwenye basi. Basi mume atangulie na lori lake, sisi tunabaki wamalize la 12, wa kike PSEO lakini masomo mawili tu kwanza, hiyo D imenitisha. Wa kiume ndo sijui, Minnesota kuna chuo kinachukua wa darasa la 11 kwa dizeli?

nesi_zamu_usiku: PSEO inaruhusu masomo ya ufundi pia. Ukipiga hiyo simu kesho uliza ya wote wawili.