Star Trek inatimiza miaka 60: tupeane uzoefu, wewe ulianzaje kuipenda?

#1
Wakuu habari za leo. Septemba 8 Star Trek, ile tamthilia ya TV ya watu wanaozunguka angani na meli yao, inatimiza miaka 60 tangu ianze kurushwa Marekani mwaka 1966, nikaona siku isipite hivihivi. Tuliokua nayo tuje tusimulie, nani alikuonyesha na kipande gani hakijakutoka mpaka leo.

Naanza mimi. 1996, Tanga, niko darasa la sita, mjomba wangu baharia karudi na deki na kanda kama kumi za VHS. Kiingereza tulikuwa tunaokoteza tu. Basi kuna yule dada mweusi wa gauni jekundu, Uhura, ana kidude sikioni anapokea mawasiliano ya meli nzima, mara inakuja mashine inamfuta kumbukumbu zote, wakaanza kumfundisha kusoma upya kama mtoto wa chekechea, mbwa ana mpira, mbwa ana mpira, anakwama, anapandwa na hasira, ghafla anamwaga Kiswahili! Bibi alikuwa anachambua mchele pale pembeni, akanyanyua kichwa akauliza "huyo mtoto wa nani?" Mjomba alirudisha mkanda nyuma mara tatu. Lafudhi imepinda kweli lakini sebule nzima tulipiga kelele, maana hatujawahi kusikia lugha yetu kwenye picha za Wazungu, tena kwenye chombo cha angani.

Ukubwani ndo nikajua na jina lenyewe ni letu. Nichelle Nichols, aliyemcheza Uhura, alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa na kitabu kinaitwa Uhuru, Gene Roddenberry, mwenye kuibuni Star Trek, akalipenda hilo neno, wakalilainisha likawa Uhura. Na baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha aende kwenye jukwaa la Broadway, Martin Luther King mwenyewe ndo akamwambia usithubutu, watu wetu wanajiona kupitia wewe. Kila nikikumbuka hiyo nasisimka.

#2
Mombasa hapa. Yangu ni ile ya kwanza kabisa kurushwa, ya dude linalofyonza chumvi mwilini mwa watu na kila mtu linamjia kwa sura anayoitamani. Kwa Uhura likaja kijana mweusi mtanashati anamsemesha Kiswahili kwenye korido. Sisi tumelelewa na hadithi za majini yanayogeuka sura, kwa hiyo hatukuona ni sayansi wala nini, tuliona ni jini tu limepanda meli. Wiki nzima nilikuwa nalala na kopo la chumvi chini ya kitanda nikiamini litachukua hilo liniache.

#3
Mimi ya zamani sikuiona, nimeanza na ya Kapteni Picard, ile mpya ya 1987. Pale nyumbani ilikuwa inaitwa ya Kunta Kinte, si unajua LeVar Burton ndo aliyecheza Kunta Kinte, yule mtumwa wa tamthilia ya Roots, sasa huku ni Geordi, haoni, anavaa kile kidude machoni kama chanuo, na yeye ndo injinia mkuu wa meli. Baba yangu alipoteza macho kwa presha ya macho akaachishwa kazi karakana. Alikuwa anakaa kwenye kigoda anasikiliza tu, mimi namweleza, Geordi kashika hiki, sasa anafungua pale. Akaniambia siku moja, "wao hawakumfukuza." Hakusema zaidi ya hapo. Nikisikia ule muziki wa mwanzo namuona baba na redio yake ameizima ili asikie vizuri.

#4
Niko Minnesota. Binti yangu amezaliwa huku, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. 2022 tukaanza ile mpya, Strange New Worlds, Uhura, jina la kwanza Nyota, bado kadeti anasema kwao ni Kenya, mtoto akageuka akaniuliza "mama, Nyota maana yake nini?" Nikamtoa nje na koti juu ya pajama nikamwonyesha juu. Mwaka huohuo Julai 30 Nichelle akafariki, tukawasha mshumaa dirishani. Nikamsimulia alivyowatafutia NASA, shirika la anga la Marekani, wanaanga miaka ya 70, na jinsi Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, aliyekuwa anampenda Uhura tangu utotoni alivyopaa kweli 1992. Sasa hivi salamu ananiamkia yeye kwanza, shikamoo mama.

#1
Dada wa Minnesota, umenitoa machozi. Marahaba yake mfikishie. Mjomba yupo, tarehe 8 jioni anakuja kwangu, ile ya mbwa ana mpira ndo tunaanza nayo. Wengine endeleeni kushusha.