Kutu kwenye ekzosi ya pikipiki: oili chafu, rangi ya silva au rangi ya joto?

Kizota_150
Wakuu, naomba tulinganishe. Pikipiki ni ya cc 150, bomba jeusi la chuma, kava la kromu. Kutu imeanza shingoni, pale bomba linapotoka kwenye injini, na chini ya bomba la nyuma. Safari nyingi ni fupi, Kizota hadi Sabasaba. Mtaani naambiwa nipake oili chafu kila wiki, wengine wanasema nipulize silva ya kawaida, wengine nitafute rangi ya joto. Ipi inadumu? Na kava nilisafishe kwa nini?

Spana13
Oili chafu achana nayo kabisa. Shingoni inaungua na kutoa moshi, huko nyuma inakamata vumbi, na vumbi letu likishiba oili linakuwa tope linaloshika unyevu mvua zikianza Desemba. Ikidondokea tairi la nyuma ni hatari.

Silva ya kawaida inafaa geti. Shingo ya pikipiki iliyobeba mzigo inapita nyuzi 300 za joto, rangi hiyo itababuka mapema sana. Tafuta kopo lililoandikwa nyuzi 600 au zaidi. Mililita 400 zinatosha bomba zima.

Ila kopo zuri juu ya kutu ni hela imetupwa. Nati za shingo zipulizie dawa ya kulegeza kutu usiku kucha kabla ya kufungua, maana stadi (bolti inayoshika shingo) ikikatikia kwenye silinda hedi utalipa zaidi ya bei ya rangi. Bomba likitoka, piga brashi ya waya, kisha msasa namba 120 mpaka chuma kionekane, malizia na 240. Usilainishe zaidi ya hapo, rangi inataka mahali pa kushika. Futa kwa thina na kitambaa safi, halafu usiliguse kwa mkono mtupu. Mafuta ya vidole yanaacha alama na rangi inabanduka hapohapo. Puliza ukiwa sentimita 25 hivi, mikono (tabaka) mitatu myembamba, ukipumzisha dakika 10 kila mkono. Fanya asubuhi mapema, upepo wa Dodoma ukishaanza utapaka rangi na mchanga pamoja. Kurudisha, weka gasketi mpya ya shingo na ukaze nati kwa kupokezana, kidogo huku, kidogo kule.

BibiFundi_Chamwino
Hapo Spana13 ameacha sehemu inayoharibu kazi za wengi. Rangi ya joto haiivi kwa hewa peke yake, inaivishwa. Washa injini bila resi dakika 10, zima, iache ipoe mpaka uweze kushika. Rudia dakika 20, ipoe tena. Ndipo uendeshe taratibu nusu saa. Ukiitoa moja kwa moja na abiria wawili kwenye mlima, thina iliyobaki ndani ya rangi inachemka na kutoa malengelenge. Fuata pia maelezo ya kopo lako, muda hutofautiana.

NzugunI_Garage
Dawa ya kugeuza kutu kuwa nyeusi vipi? Inaokoa kusugua.

Spana13
Chini ya bomba la nyuma inasaidia, hasa kwenye pembe ambazo brashi haifiki. Shingoni sikushauri. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya bodi na chesisi, joto likipanda zinaachia na rangi ya juu inaondoka nazo.

BibiFundi_Chamwino
Kwa kava la kromu: kunja foili ya kufungia chakula, ichovye kwenye maji, sugua polepole. Foili ni laini kuliko kromu, kwa hiyo inatoa kutu bila kukwaruza. Msasa usiuguse hapo, utando wa kromu ni mwembamba sana na ukitoboka kutu inaingia chini yake. Suuza, kausha, paka nta kidogo. Nta ni ya kava tu, kwenye bomba lenyewe itaungua na kuacha madoa. Wenye shingo ya kromu iliyogeuka bluu, hiyo ni ishara ya joto kupita kiasi: kagua kwanza kama kabureta inapeleka mafuta machache au gasketi inavuja, polishi baadaye.

Mpwapwa_Rd
Safari fupi ndizo zinazokula bomba la nyuma, tena kwa ndani. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji. Bomba likipata moto wa kutosha yanatoka kama mvuke. Lisipopata, yanabaki humo. Ndiyo maana mabomba mengi yana tundu dogo chini. Usikubali lizibwe kwa welding eti linavujisha. Lizibue kwa waya bomba likiwa la baridi.

Kuosha pia, subiri lipoe, ziba mdomo kwa mfuko wa plastiki, na uutoe kabla ya kuwasha. Kama maji ya kisima chako yana chumvi, futa pakauke, kisha endesha dakika kumi na tano.

Kizota_150
Shukrani sana. Je, mfuko ulioyeyuka na kugandia bombani?

Spana13
Pasha bomba kidogo, zima, kwangua kwa kipande cha mbao. Mabaki yafute kwa thina bomba likishapoa kabisa, vinginevyo itashika moto. Na kabla ya kununua rangi, gonga sehemu yenye kutu kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, hapo panahitaji kiraka au bomba jingine.