Mrejesho: sukari ya asubuhi 118 mg/dl, glike (HbA1c, kipimo ya wastani ya sukari mu damu) 8,1%

Jambo bandugu, aksanti sana kwa mashauri. Niliuliza juu ya mama yangu wa Kadutu, hapa Bukavu, mwenye ugonjwa ya sukari: ya asubuhi mbele ya kula inaonekana karibu muzuri, lakini glike iko juu, tuamini namba gani. Shauri ya kupima sukari masaa mbili kisha kula ndiyo ilifungua macho: kisha fufu ya muhogo ilifika 240! Dokta akasema zote mbili ni za kweli, glike ni wastani ya miezi mbili tatu, ya asubuhi ni ya ile saa tu. Akaangalia pia kama damu haipunguke, sababu inaweza kudanganya glike, iko muzuri. Tukapunguza fufu, sombe (majani ya muhogo) ikaongezeka, sasa glike 7,4. Kutembea jioni ilishindikana, magoti inamuuma na Kadutu ni milima tupu. Bandelete (vipande vya kupimia sukari) nazo bei kali, tunapima siku ya fufu tu.